Kabla ya kumwita mtoto mvivu, pimeni gitaa

Mhariri,

Wiki jana nilikuwa kibandani mwangu hapa Umoja nikimngoja mteja aliyekuwa aje kujaribu gauni, nikafungua gazeti lako ukurasa wa barua. Msomaji mmoja wa Thika ameandika kwamba alimnunulia mpwa wake gitaa la umeme, kijana akitaka kujifunza roki, na kwamba mwezi haukuisha kabla ya gitaa kusukumwa chini ya kitanda. Mwenzetu ameamua kuwa chanzo ni uvivu. Vijana wa sasa, anasema, wanataka kila kitu kiingie kama pesa za M-Pesa, tii, kimefika. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa bado na wino, akaongeza kwamba roki yenyewe ni kelele za Wazungu na mlango wa shetani.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina miaka 46 na watoto watatu, na huu ni mwaka wa pili tangu nianze kujifunza gitaa la umeme, tena roki hasa. Langu nalo lilikaa msumarini miezi mitatu bila kuguswa. Kwa hivyo naomba nafasi nimjibu huyu mjomba, kwa sababu yaliyompata mpwa wake nayajua kwa ncha za vidole.

Jinsi nilivyoingia katika mambo haya ni hadithi fupi. Januari ni msimu wa sare za shule, na fundi asiyekesha Januari hali Februari. Kwa miaka mingi nilikesha na redio, na usiku kulikuwa na kituo kilichopiga roki tupu. Maneno ya nyimbo sikuyafuatilia, maana Kiingereza cha kupigiwa mayowe hakinikai sikioni, lakini lile gitaa linalokwaruza kama mtu anayepasua turubai ndilo lililonizuia kusinzia juu ya sindano. Usiku mmoja nikajikuta nakanyaga pedali ya cherehani kwa mwendo wa ngoma. Kola niliyokuwa nikishona ilienda upande, nikaifumua nikicheka peke yangu.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika mwaka juzi, karo ikachukua yake, deni la vitambaa likachukua lake, nikabaki na Sh14,000 na ujasiri. Nikapanda matatu hadi mjini. Duka lenyewe silitaji, ila liko ghorofani na magitaa yametundikwa ukutani kama mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko. Muuzaji, kijana wa rika la mwanangu, aliniuliza, "Mathe, unanunulia mtoto?" Nikamwambia ni langu. Akameza kicheko. Nikamwuliza kuna tofauti gani kati ya hili jekundu na lile jeusi.

"Gitaa ni gitaa, mathe. Beba tu."

Nikabeba jekundu. Mteja akichagua kitambaa kwa rangi pekee bila kukishika mimi humkemea, lakini siku hiyo mwenye kukemea hakuwepo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mateso. Vidole vyangu si laini, miaka 20 ya sindano imeviwekea sugu, na bado zile nyuzi zilinikata kama waya wa kukatia sabuni. Nikibonyeza kodi ya kwanza, yaani nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja, na hapa sisemi ile ya kulipa serikalini, nyuzi mbili zinazomea kama nzi chupani, moja haitoi chochote, na zilizobaki zinapishana kama wanakwaya waliogombana njiani. Programu ya simu ya kupimia sauti iliniambia kila uzi uko sawa. Ukiwa wazi, ndiyo, uko sawa. Ukibonyezwa, unapanda juu ya mahali pake. Nikaamua sina sikio la muziki. Mume wangu, mtu mpole, aliniuliza kama yule paka wa ghorofa ya tatu amerudi. Nikalipeleka gitaa kibandani, nikalitundika kati ya suruali zinazongoja wenyewe, na baada ya wiki chache mteja mmoja akalitundikia koti lake.

Mjomba wa Thika angenipita wakati huo angeniandika na mimi gazetini.

Aliyeniokoa alikuja kupunguziwa suruali. Ni kijana anayepiga gitaa la ridhimu katika kanisa lao huko Kariobangi, na siku za kazi hutengeneza ala za makanisa. Aliliona gitaa, akaomba ruhusa, akaondoa koti. Hakulipiga kwanza. Alilishika upande wa chini, akafumba jicho moja, akatazama urefu wa shingo kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ndipo akapiga kodi moja, uso ukamkunjamana.

"Auntie," akaniambia, "hili hata mimi siwezi."

Mtu aliyekwisha kujihukumu akisikia maneno hayo, Mhariri, hukaa chini. Nilikaa chini.

Kijana hakuwa na kipimo chake siku hiyo. Nikamwuliza anataka kupima nini, akanionyesha upenyo ulio kati ya uzi na freti, vile vijiti vya chuma vilivyolala shingoni, hasa pale freti ya 12. Basi, vya kupimia upenyo ninavyo tele. Sindano ya jinzi, namba 16, mwili wake una unene wa milimita moja kamili, ndiyo maana pakiti imeandikwa 100 kando ya hiyo 16. Tukatelezesha sindano moja chini ya uzi mnene. Ikapita ikicheza. Tukabebanisha mbili, zikapita. Tatu, zikapita. Ya nne ndiyo iliyogusa. Kijana akasema gitaa la umeme lililowekwa sawa halipaswi kuzidi sindano mbili mahali hapo, na wengi hupenda pungufu ya hapo.

Yaani nilikuwa nikibonyeza karibu mara mbili ya safari inayotakiwa. Na taabu haikuwa ya vidole tu. Uzi unaovutwa chini sana hurefuka, ukirefuka hukaza, na ukikaza sauti hupanda. Ndiyo maana simu ilisema niko sawa na kodi ikasema siko. Sikio langu nililolilaani miezi mitatu lilikuwa likisikia vizuri kabisa.

Alirudi kesho yake na vifaa. Ndani ya shingo ya gitaa mna fimbo ya chuma ambayo mnunuzi haioni. Nyuzi sita zikikazwa huivuta shingo mbele kwa uzito wa makumi ya kilo, na fimbo hiyo huirudisha nyuma. Fundi yeyote wa cherehani ataelewa papo hapo, kwa kuwa ni ugomvi ule ule wa uzi wa juu na uzi wa bobini: mmoja ukimzidi mwenzake, mshono unajikunja. Shingo yangu ilikuwa imepinda mbele kama upinde. Akachomeka ufunguo wa pembe sita, akazungusha robo, akangoja, akachungulia tena kwa jicho moja, akaongeza kidogo. Aliniambia nisithubutu kufanya hivyo kwa haraka wala kwa hasira, maana fimbo ikikatika gitaa limekwenda. Kisha akashusha vile vidaraja vidogo vya chini, kila uzi una chake na skrubu zake, na kwa tupa nyembamba kuliko kijiti cha meno akazamisha mifereji ya kile kipande cheupe kilichoko mwanzo wa shingo.

Mimi nikashika tepu. Kutoka kipande cheupe hadi freti ya 12 tulipata inchi 12 na robo tatu. Urefu wote wa uzi ni mara mbili ya hapo, inchi 25 na nusu, kipimo kilichoenezwa na magitaa ya Fender ya Marekani. Ya Gibson huwa mafupi kidogo, yapata inchi 24 na robo tatu. Freti ya 12 iko katikati, na ukibonyeza hapo uzi umebaki nusu, sauti inarudi ile ile ila ya juu, kama mama na mtoto wakiimba pambio moja. Uzi wa tano, ukihesabu kutoka ule mwembamba, ukiwa wazi hutetema mara 110 kwa sekunde, na hapo katikati mara 220. Ikiwa hautoi hiyo 220, kidaraja husogezwa nyuma au mbele kwa skrubu hadi uitoe. Tulifanya hivyo nyuzi zote sita, moja baada ya nyingine, huku mteja wa gauni akiuliza kama nimebadilisha kazi.

Saa mbili zilipita. Alinitoza Sh1,500, na nyuzi mpya nikanunua mwenyewe, zile wanazoziita za tisa, kwa kuwa ule mwembamba una unene wa elfu tisa za inchi, hata robo ya milimita haufiki. Suruali yake nilimpunguzia bure. Jioni hiyo hiyo kodi iliyonishinda kwa wiki nzima nzima ikalia, nyuzi zote, bila nzi chupani. Mwenye koti alikuja kulichukua akanikuta napiga hiyo hiyo moja kwa mara ya hamsini. Alingoja, akakohoa, mwishowe akajitafutia koti mwenyewe.

Sasa nieleze ugomvi wangu ulipo. Nilirudi kwenye lile duka. Sikwenda kudai pesa, nilitaka tu kujua kama wanajua. Yule kijana, ambaye naye ni mwajiriwa na simlaumu, aliniambia magitaa hutoka kwenye boksi yakaenda ukutani, basi. Hakuna anayetazama shingo wala kupima uzi. Mbao zimetoka mbali, zimekaa baharini kwenye kontena, zimepanda kutoka joto na unyevu wa Mombasa hadi ukavu wa Nairobi, halafu mtoto wa sekondari anaambiwa abebe tu. Mimi nikimpa mteja suruali ambayo mguu mmoja umezidi mwenzake inchi moja nikamwambia nguo ni nguo, Umoja nzima ingejua kabla ya jua kutua. Sisi mafundi hatutoi nguo bila mteja kuivaa mbele yetu. Wenye maduka ya ala, ongezeni hiyo Sh1,500 kwenye bei, mlipe mtu wa kurekebisha, mtuuzie kitu kinachopigika. Gitaa la bei ya chini lililopimwa humfaa mwanafunzi kuliko la bei maradufu lililopinda, na hili nalisema baada ya kushika yote mawili.

Mjomba atauliza, na amplifaya je? Ugonjwa wa wanaoanza ni kutaka spika kubwa kama ya matanga. Gitaa la umeme bila amplifaya hunong'ona tu, na kwetu tunaoishi kwenye maploti, ukuta mmoja na mtoto mchanga wa jirani, huo mnong'ono ni baraka. Stima ikipotea unaendelea. Mimi nilikaa miezi miwili bila amplifaya, kisha nikanunua ndogo ya kuchomekea hedifoni, na hadi leo jirani yangu wa kushoto anaamini nimeacha.

Lakini jambo la stima sitalipita mbio, kwa kuwa lilitaka kuniacha mahali pabaya. Kibanda changu huvuta stima kutoka kwa kinyozi wa pembeni kwa ekstensheni. Jioni moja nilikuwa nimekaa na gitaa, amplifaya imewashwa, goti langu likagusa mwili wa chuma wa mashine ya ovaloki. Nilihisi kitu kama siafu wakipanda kutoka kidole hadi kiwiko. Niligusa tena, kwa upumbavu, kuhakikisha. Siafu tena. Fundi wa stima alipofungua soketi alikuta ule waya wa ardhi, wa pini ya juu, haukuunganishwa na chochote. Umekatwa, ukakunjwa, ukafichwa. Nyuzi za gitaa huunganishwa kwa makusudi na mwili wa chuma wa amplifaya ili kupunguza mvumo, na hakuna ubaya, mradi mwili huo nao una njia ya kwenda ardhini. Ikikosekana njia, na amplifaya ikawa na hitilafu, njia unakuwa wewe. Volti zetu ni 240. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Scotland, Les Harvey wa kundi la Stone the Crows, alifia jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maikrofoni isiyokuwa na waya wa ardhi. Kwa hivyo mjomba, kabla ya kununua spika, mlipe fundi wa stima aifungue soketi ya chumba cha kijana. Ni kazi ya dakika kumi.

Kuhusu mvumo wenyewe, wengi hudhani gitaa limeharibika. Ile pikapu iliyo chini ya nyuzi ni sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko, juu ya bobini. Naam, bobini, nilipooneshwa nilicheka, miaka yote hii nimekuwa nikizungusha bobini sijui kumbe nyingine huimba. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku, stima kidogo huzaliwa kwenye waya, ndiyo inayokwenda kwa amplifaya. Tatizo ni kwamba bobini hiyo hiyo hudaka na mvumo wa stima ya ukutani, inayopiga mara 50 kwa sekunde. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, alibuni dawa yake kwa kuweka bobini mbili zilizozungushwa kinyume, mvumo wa moja ukafuta wa nyingine. Wapigaji wa roki nzito huzipenda hizo. Langu jekundu lina bobini moja moja, basi huvuma, nami nimezoea kugeuza kiti hadi upande ambao mvumo unapungua.

Kujifunza kwenyewe hakukuwa kama nilivyodhani. Nilidhani roki ni vidole vya kukimbia. Yule kijana wa Kariobangi alinianzisha na sauti mbili tu: uzi wa sita ukiwa wazi, na uzi wa tano ukibonyezwa freti ya pili. Basi. Umbo hilo hilo la vidole huteremshwa na kupandishwa shingoni, na nusu ya roki imo humo. Sababu yake alinieleza nikiwa napiga pasi. Amplifaya ikijazwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa kama pindo kwa mkasi, na mkato huo huzaa sauti nyingi ndogo za ziada, ndiyo ule mkwaruzo. Ukipiga kodi iliyojaa, sauti hizo za ziada hugombana ikawa uji. Lakini zile sauti mbili mitetemo yao hukaa kama mbili kwa tatu, hupatana hata zikikwaruzwa vipi. Nikaelewa kwa nini nilipojaribu kodi za kanisani kwenye kitufe cha mkwaruzo nilipata mngurumo wa lori la takataka.

Mkono wa kulia ndio ulionishangaza. Kila mtu hutazama wa kushoto, kumbe wa kulia ndio unaofanya roki iwe roki. Unalaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, pale karibu na kidaraja, kidogo tu, ili sauti ikatike: dug, dug, dug. Ukisogea nusu inchi mbele sauti inakufa, ukirudi nyuma inapiga kelele. Hapa cherehani ilinisaidia. Anayekanyaga pedali ya cherehani ya mguu kwa miaka anajua mwendo sawa ni nini. Ukipoteza mwendo kidogo gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Mguu wangu ulikuwa na metronomu, kile chombo cha kuhesabu mwendo wa muziki, siku zote. Napiga dakika 20 kila jioni baada ya kufunga kibanda, na siku ambazo nimechoka sana napiga tano. Dakika tano za kila siku zimenifaa kuliko saa tatu za Jumapili, ambazo huishia kwenye kidole kilichovimba.

Kuna mtu mmoja ambaye mafundi wa nguo wote wangefaa kumjua. Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikuwa kijana wa miaka 17, mfanyakazi katika kiwanda cha mabati, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Naye ni wa mashoto, kwa hivyo mkono wa kulia ndio wake wa kubonyezea nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea kastabini, akazivika ngozi. Kastabini, Mhariri, ile kofia ya kidole tunayovaa sisi tunaposhona kwa mkono! Nyuzi za kawaida zikamwumiza, akaweka nyembamba, na baadaye katika kundi lao la Black Sabbath akazilegeza zaidi ya kawaida. Sauti nzito ambayo watu wanaiona ya kutisha ilitoka kwa mtu aliyekuwa anatafuta jinsi ya kulifanya gitaa lisimwumize. Mpwa wa Thika ana vidole kumi kamili na hakuna aliyemlegezea hata uzi mmoja.

Nimalizie na shetani, kwa kuwa mwenzetu amemtaja. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 Cotton Plant, Arkansas, mwanamke Mweusi aliyelelewa kanisani, na alikuwa akipiga nyimbo za injili kwa gitaa la umeme lenye mkwaruzo kabla ya wengi wa hao wanaoitwa wafalme wa roki kushika gitaa. Mwaka 1964 alipiga kwenye stesheni ya treni iliyofungwa huko Manchester, mvua ikinyesha, amevaa koti zuri sana, na hilo nalisema kama fundi. Wamarekani walichelewa hadi 2018 kumwingiza katika jumba lao la kuwaenzi wanamuziki wa roki. Sasa hizi kelele za Wazungu ni za Wazungu gani? Na hapa kwetu, Fundi Konde wa Kilifi alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kupiga gitaa la umeme, benga haiwezi kusimama bila gitaa la solo, na Nairobi hii hii imetoa makundi kama Parking Lot Grass na Crystal Axis ambayo yamepiga roki na watu wakajaa. Mama mkwe wangu, mshirika wa kanisa kwa miaka 50, hunisikiliza akimenya njugu. Lalamiko lake ni kwamba napiga kipande kimoja mno.

Ana haki. Ni kipande cha sauti nne na kimenichukua tangu Machi.

Basi ombi langu kwa mjomba wa Thika ni hili. Avute lile gitaa kutoka chini ya kitanda, alipanguse vumbi, alikaze nyuzi, kisha apime upenyo wa uzi mnene kwenye freti ya 12. Kama sindano mbili zinabana, aniandikie tena kwamba kijana ni mvivu na nitanyamaza. Kama tatu zinapita, amwombe mpwa wake radhi na wamtafute fundi. Sindano za namba 16, mwili milimita moja, ninazo pakiti nzima hapa kibandani. Akifika Umoja nitamkopesha nne.

Fundi wa Nguo,
Umoja, Nairobi